Uji Ambao Shangazi Hakuuonja

Ilianza Jumatano ya Majivu, saa tano na robo asubuhi, kwenye benchi la pili kutoka mlangoni, kliniki ya wajawazito. Saa naikumbuka kwa sababu ile ya ukutani ilikuwa mbele yangu na sikuwa na pengine pa kutazama. Nikigeukia kulia, matumbo. Nikigeukia kushoto, matumbo. Karibu kila mwanamke alikuwa na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, na mimi na sare yangu ya shule katikati yao, nimeficha mikono kwenye sweta.

Mama alitoka kwa daktari ameshika kitenge chake kwa mikono miwili, kama kinataka kudondoka. Majivu yake yalikuwa yamechuruzika na jasho hadi kwenye nyusi.

"Wanataka kunishona," akasema.

"Kushona nini?"

Akaangalia pembeni kama kuna anayesikiliza. Walikuwa wanasikiliza wote.

"Mlango," akasema. "Mlango wa kizazi. Mtoto asije akatoka kama yule."

Naitwa Skola. Niko kidato cha tatu, na mimi si muongeaji. Mwalimu akinitaja nijibu swali nasimama, natabasamu, nakaa. Lakini kila jioni naandika, tangu kidato cha kwanza, na haya nayatoa kwenye yale niliyoandika, sasa kwa kuwa mabaya yamepita. Kama mama yako, au dada yako, au wewe mwenyewe umeambiwa maneno tuliyoambiwa sisi, usome. Ya kitabibu kawaulize wauguzi. Mimi nitasema ya kwenye benchi na ya nyumbani.

Yule aliyetoka ni mtoto wa mwaka jana. Mwaka juzi mama alikwenda kupimwa akina mama walipotangaziwa kanisani, wakamkuta na kirusi kinachoitwa HPV. Wakatazama zaidi, wakaona sehemu zimeanza kubadilika, mwanzo wa saratani, wakampa rufaa ya Mbeya. Kule wakakata kipande kidogo cha mlango wa kizazi kwa waya wa umeme. Alirudi anatembea polepole, na kwa wiki kadhaa nilichota maji mimi. Tukasema basi, Mungu mkubwa, imekwisha. Halafu akapata mimba. Mimi ni mtoto wa pekee, na mama wa mtoto mmoja hapa kwetu anaulizwa swali lile lile kila harusi na kila msiba, kwa hiyo furaha yetu ilikuwa kubwa mno. Ilipofika miezi mitano mimba ikatoka. Hakuumwa hata tumbo. Alikuwa anafua, akahisi maji, akadhani ni ya kwenye beseni.

Daktari alieleza kwamba waliokatwa kama mama wengi wao hubeba mimba na kuzaa bila shida. Wachache, mlango unabaki mfupi na dhaifu, mtoto akianza kuwa mzito unafunguka wenyewe. Mama ni katika hao wachache. Kwa hiyo wangepitisha uzi kuzunguka mlango na kuukaza, kama unavyokaza kamba kwenye mdomo wa mfuko, na muda wa kujifungua ukikaribia wangeukata.

Ijumaa ile wakamshona. Jumapili shangazi akafika.

Shangazi Pelagia ni dada mkubwa wa baba. Anaishi Kasense, analima mahindi na ulezi, na ana mikono mikubwa kuliko ya baba ambaye ni seremala. Hakuwahi kuja kwetu Chanji mikono mitupu. Siku hiyo alileta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alimimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja mbele yetu, ndipo akammiminia mama kikombe. Kwetu aliyeleta chakula au pombe huonja kwanza, aliyeletewa akiwa anaona. Hakuna anayesema kwa nini, na kila mtu anajua kwa nini. Watu wa mikoa mingine wakisikia unatoka Sumbawanga wanakuuliza habari za radi na uchawi. Sisi tunaonja tu, maisha yanaendelea.

"Wifi, hebu niambie mwenyewe," shangazi akasema. "Wamekushona?"

"Wamenishona, wifi."

"Na mtoto atapita wapi?"

"Watakata uzi, muda ukifika."

"Watakata." Akacheka bila kufungua mdomo. "Gunia ndilo hushonwa, wifi. Na gunia halilii wala haliumwi."

"Dada, daktari ameeleza," baba akasema.

"Amekueleza wewe? Ulikuwepo?"

Baba hakuwepo. Alikuwa anapaua nyumba ya mtu.

Kisha shangazi akanielekezea kidevu. "Na huyu je? Huyu walimdunga sindano shuleni. Kabla ya sindano nyumba hii ilikuwa na ugonjwa gani? Haukuwepo. Mtoto kadungwa, mama kaumwa. Mama kaumwa, mimba imetoka. Ninyi mliosoma hamjui kufuata nyayo?"

Nilikwenda kuosha vikombe ambavyo watu walikuwa hawajamaliza kunywa.

Nitasema ukweli. Shangazi hakunifundisha wazo hilo. Nilikuwa nalo tayari. Nilichanjwa nikiwa na miaka kumi na minne, shuleni, tukiwa tumepanga mstari tunachekana nani atalia. Walisema ni chanjo ya kuzuia kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka ule ule, miezi michache baadaye, mama akakutwa na kirusi hicho hicho. Jina moja. Na mimi na mama tulikuwa tunaogea beseni moja, tunatumia kitambaa kimoja. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Basi nikaanza kuogea ndoo. Kanga ya mama sikuigusa, nikafua nguo zangu peke yake. Kwaresima ilikuwa inaendelea na mvua haikatiki, kwa hiyo nguo zilikaa kambani siku nyingi, zake upande huu, zangu upande ule.

"Mbona beseni langu hulitaki siku hizi?" mama akaniuliza.

"Nakuachia, mama. Wewe ni mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa. Nina mimba."

Shuleni habari zilishafika, sijui kwa njia gani. Msichana mmoja wa darasani kwetu, ambaye baba yake ana duka la nafaka sokoni, aliniuliza mbele ya watu, "Skola, eti mama yako wamemshona kwa ile sindano ya magunia? Baba anayo, waje waazime." Walicheka. Na mimi nikacheka, ndicho kinachonikera hadi leo.

Nyumbani kukawa na jambo lingine. Mama alikatazwa kubeba ndoo, kulima, kusimama muda mrefu, kwa hiyo alikuwa kitandani mchana, na baba akirudi kula wakawa na muda wa kuzungumza ambao hawakuwahi kuwa nao. Ukuta wetu wa katikati ni wa mbao, baba mwenyewe aliujenga, na una nyufa.

"Hiki kirusi," baba akasema siku moja, "kinatoka wapi, Mama Skola?"

Mama akajibu, kwa upole kabisa: "Na mimi nikuulize wewe, uliyekaa Mpanda msimu mzima unapaua nyumba za watu."

"Nilikuwa kazini."

"Na mimi nilikuwa hapa."

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Kwa siku kadhaa walipitishiana chumvi kupitia kwangu. Nilimtazama baba akila na nikamshuku. Nilimtazama mama amelala ubavu wa kushoto kama alivyoambiwa, na Mungu anisamehe, nikamshuku na yeye. Halafu nikikumbuka sindano yangu, nawaachia wote wawili na kujishuku mwenyewe. Nyumba ya watu watatu, na kila mmoja ana mtuhumiwa wake.

Jumamosi moja baba aliingia na vigogo viwili alivyokata na kupiga randa vizuri, akainua kitanda upande wa miguuni, akaviweka chini. Hakuna aliyemwagiza. "Mtoto asiteleze," akasema, akatoka. Mama alilia akiwa amelala kichwa chini, machozi yanaelekea masikioni. Sijui kama vigogo vilisaidia kitu. Najua kwamba tangu siku ile chumvi walipeana wenyewe.

Baada ya Pasaka nilimsindikiza mama kliniki. Tulikaa pale tangu mapema, benchi limejaa, na nikagundua ile foleni ina sheria zake: aliyekuja na mume anaitwa kwanza, na wasio na waume wanamtazama yule mume kama mwizi. Sisi tuliitwa karibu na mwisho. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mwimbaji wa kwaya. Alimpima mama, akasikiliza tumbo, akasema uzi umeshika.

"Kuna swali?"

Mama akatikisa kichwa. Nikasikia mtu anasema, na mtu huyo alikuwa mimi. "Chanjo inaweza kumwambukiza mtu mwingine?"

"Chanjo ipi, binti?"

"Ile ya shuleni. Ya wasichana."

Mama aligeuka akanitazama. Akatazama mikono yangu. Nadhani hapo ndipo alipoelewa habari ya beseni.

"Ile haina kirusi chenyewe ndani," muuguzi akasema. "Huwezi kumpa mtu kitu ambacho huna. Kirusi cha mama yako kinaweza kukaa mwilini kimya miaka na miaka. Labda alikuwa nacho wewe hujazaliwa. Nani kaleta, lini kaleta, hakuna kipimo cha kuonyesha, kwa hiyo msitafutane uchawi nyumbani."

"Na mimi... nitazaa?"

"Chanjo haifungi kizazi. Kinachosumbua kizazi ni ugonjwa wenyewe, na mara nyingine tiba yake, kama unavyomwona mama. Wewe ulichanjwa ili usije ukahitaji uzi."

Mama akapata nguvu, akauliza kama mtoto akipita kwenye mlango ule atachukua kirusi. Muuguzi akasema hutokea mara chache sana, na mama hapasuliwi kwa sababu hiyo peke yake. Akauliza kama na yeye anaweza kuchanjwa. Akajibiwa kwamba mjamzito hapewi, wala chanjo haiondoi kirusi ambacho mtu tayari anacho. Akishajifungua arudi achunguzwe tena, asipotee.

Nilitoka pale nimepona nusu. Nusu nyingine ilikuwa inaniambia, "Na kama ingekuwa inafunga kizazi, angekuambia?" Sijui wasichana wengine wakoje. Mimi nikiambiwa jambo zuri huwa naligeuza kuangalia nyuma yake. Lakini jioni ile mama aliniita, akaweka beseni lake katikati ya chumba, akasema, "Njoo unawe miguu." Nikanawa. Naye akanawa maji yale yale.

Mvua ikakatika. Mahindi yakakauka, ulezi ukavunwa, upepo wa baridi ukaanza kupita juu ya mji huu kama una deni na mtu. Mama alinenepa miguu hadi viatu vikamkataa, akavaa malapa ya baba na soksi. Usoni akaota madoa. Alikuwa haogopi tena kukohoa. Mwanzo alikuwa akitaka kukohoa anajishika chini, anasema uzi utakatika. Jirani yetu alituletea maji asubuhi bila kuulizwa na bila kukaa kupiga soga, na hilo la pili lilikuwa zawadi kubwa kuliko la kwanza.

Shangazi akawa anakuja zaidi. Kila akija na uji, anaonja, anampa mama, kisha anakaa anatazama tumbo, si mama. Na mambo madogo yakaanza kutokea. Nilikuta kamba ya nguo imefunguliwa upande mmoja, nguo ziko chini. Nilikuta kamba za viatu vyangu vya shule zimetolewa zote. Siku moja baba alitoka stoo ameduwaa.

"Nani kafungua magunia?"

Magunia yote ya mahindi tuliyovuna yalikuwa wazi midomo. Hakuna hata punje iliyoibwa.

"Panya," baba akasema, ingawa panya hafungui fundo. Aliniangalia mimi. Mimi nilimwangalia shangazi, aliyekuwa anapepeta ulezi uani, hajainua kichwa.

Jibu nililipata bila kulitafuta. Shangazi na jirani yetu walikuwa wanaota jua nyuma ya nyumba, nami nilikuwa chooni, na choo chetu hakina paa la kuzuia maneno.

"Akwilina wangu alikaa na uchungu hadi sauti ikamwishia," shangazi alikuwa anasema. "Njia ilikataa. Mama mkwe wake akatuambia tufungue kila kilichofungwa, na tukafungua, hadi kamba za mbuzi. Tulichelewa. Nilimzika na mtoto tumboni. Sasa mimi niambiwe mke wa mdogo wangu kafungwa kwa uzi, tena wamemfunga makusudi, nilale usingizi?"

Akwilina, binti wa shangazi, nilikuwa namjua kwa picha tu, ya kipaimara, ukutani kwa shangazi. Sikujua alikufaje. Nilibaki mle chooni hadi miguu ikafa ganzi. Nilimwonea huruma shangazi kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima. Na papo hapo nikamwogopa zaidi, kwa sababu mtu mbaya anaweza kuchoka, lakini mtu mwenye uchungu kama ule hachoki.

Sikumwambia mama. Sikumwambia baba. Ningesema nini? Kwamba shangazi amefungua kamba za viatu?

Ikafika Jumapili moja ya mwezi wa saba. Bado wiki kadhaa uzi ukatwe. Tulirudi misa ya kwanza, baba akabaki kanisani kwenye kikao cha jumuiya. Shangazi alikuwa tayari uani na chupa yake ya chai. Aliingia chumbani kwa mama, nami nikaingia nyuma yake na vikombe. Akafungua kifuniko. Akammiminia mama kikombe kimejaa, akampa.

Hakuonja.

Nilisubiri. Nilifikiri labda amesahau, labda atamimina kidogo kwenye kifuniko sasa hivi. Alifunga chupa, akaiweka mapajani, akaifunika kwa kanga.

Mama alikitazama kikombe, akamtazama shangazi. Niliona kwamba ameona. Halafu akanywa. Nilitaka kusema, "Shangazi, hujaonja." Maneno mawili, hata mtoto mdogo anayasema. Sikuyasema. Mtoto hamwambii dada wa baba yake kwamba amemletea mama sumu, kwa sababu ndivyo maneno yale yanavyomaanisha hapa kwetu. Hata ukiyasema kwa kutabasamu, umeshayasema.

Mama aliporudisha kikombe nilikipeleka jikoni. Kilikuwa kimebaki uji chini. Nikanusa. Nikagusa kwa ncha ya ulimi. Sukari ilikuwa nyingi kuliko kawaida ya shangazi, na chini ya sukari uchungu, kama wa mzizi.

Wali ulikuwa bado haujakauka maji mama aliponiita, ameshika tumbo.

Baba alifika anakimbia, mtoto wa jirani ndiye aliyekwenda kumwita. Tulipanda bajaji, mama katikati, shangazi na mimi pembeni, baba akakaa na dereva. Mama alikuwa anauma kitenge. Kila bajaji ikiruka shimo alikuwa anasema "Uzi, uzi," kwa sauti ndogo.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, ana miwani. Baba aliambiwa asubiri nje. Sisi wawili tukaruhusiwa kumsaidia mama kupanda kitandani. Daktari aliweka mkono juu ya tumbo, akangoja, akakunja uso.

"Maumivu yameanza lini?"

"Leo, baada ya misa," shangazi akasema.

"Kuna kitu amekunywa? Dawa ya kienyeji, mzizi, chochote?"

"Hapana," shangazi akasema.

"Mama?"

Mama alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa ameshika mguu wake, anaupapasa.

"Hapana," mama akasema.

Daktari akageuka kwa muuguzi. Alianza kusema wampe kitu cha kutuliza, wamwangalie, huenda maumivu ni ya muda tu. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilijua nikisema, sitakuwa na shangazi tena. Nilijua nisiposema, labda sitakuwa na mama.

"Amekunywa," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Ndivyo sauti yangu ilivyo.

"Amekunywa!" Safari hii hata mimi nilishtuka. "Uji. Una mzizi ndani. Nimeuonja, ni mchungu. Shangazi hakuonja."

"Skola," mama akasema.

"Hakuonja, mama. Na wewe uliona."

Daktari hakuelewa habari ya kuonja lakini alielewa mzizi. Alimuuliza shangazi, bila ukali, "Mama, ni dawa ya kuongeza uchungu?" Shangazi alikuwa ananitazama mimi. Akajibu huku ananitazama.

"Ya kufungua njia," akasema.

Watu wakaanza kwenda haraka. Tulitolewa nje. Baadaye tulielezwa kwamba mzizi ulikuwa unamsukuma mtoto kwenye mlango ambao uzi umeufunga. Wangengoja wakidhani ni maumivu ya kupita, uzi ungepasua nyama, na mama angetoka damu ya kutosha kumwondoa. Waliukata ule uzi mara moja. Baada ya hapo haikuwezekana tena kumzuia mtoto.

Baba alisimama mbele ya dada yake, kofia mkononi. "Dada," akasema, "nenda nyumbani." Hakupaza sauti. Shangazi akatoka. Nilipomchungulia, alikuwa hajaenda mbali. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kwenye upepo, na chupa yake ya chai miguuni.

Nilimfuata. Nilisimama tu.

"Dawa ile huonjwa na mwenye mimba peke yake," akasema. "Ndiyo maana sikuonja. Si kwamba ni sumu."

"Ndiyo, shangazi."

"Sikujua unanitazama."

"Nakutazama tangu Kwaresima, shangazi."

Akafungua chupa, akamwaga uji uliobaki chini, kando ya benchi. Tuliutazama ukizama kwenye mchanga.

Mdogo wangu alizaliwa jua likiwa bado halijazama. Msichana. Mdogo, mwekundu, hana kucha za kutosha, lakini alilia, na muuguzi akasema sauti hiyo ndiyo walikuwa wanaitaka. Hawakumweka kwenye mashine ya joto. Walimfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ndani ya kitenge, na kofia ya sufu. Mama alichanika kidogo, wakamshona tena, safari hii akacheka mwenyewe: "Mimi na sindano." Nilipoinama kumsalimu alinishika sikio.

"Niliona kwamba hajaonja," akanong'ona. "Nikasema nikikataa, nimemwita mchawi. Nikaona aibu kuliko hofu. Wewe usije ukawa hivyo."

Hilo ndilo ninalotaka uliyesoma hadi hapa ulichukue. Kama umeshakatwa au kuchomwa mlango wa kizazi, waambie kliniki siku ya kwanza, usingoje waulize. Na kama umeshonwa, usinywe cha mtu kwa kuona haya. Kuhusu sindano yangu, nimeamini asilimia kubwa. Ile iliyobaki itanyamaza siku nitakapobeba wa kwangu, na siku hiyo bado iko mbali sana, walimu wangu wasiwe na wasiwasi.

Asubuhi yake niliamka nikawasha jiko. Niliingia stoo, nikafunga midomo ya magunia yote, fundo kwa fundo. Unga wa ulezi uliokuwepo ulitoka shambani kwa shangazi. Niliuchekecha, nikaunusa, nikauonja mkavu. Nikapika uji, nikaosha chupa yetu ya chai kwa maji ya moto hadi nikaridhika, nikaosha tena.

Wodini nilimimina kidogo kwenye kifuniko, nikaonja mama akiona, nikampa. Alikunywa vikombe viwili, mtoto akiwa amelala chini ya kidevu chake.

Kisha nikatoka nje. Shangazi alikuwa bado kwenye lile benchi, au alikuwa ameondoka akarudi, sikuuliza. Kanga ilikuwa na umande.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Nilimimina kikombe. Alikitazama, akanitazama mimi. Nikakumbuka. Nikarudisha kikombe mdomoni kwangu, nikanywa funda kubwa, nikameza akiniona, ndipo nikampa.

Akanywa kidogo.

"Hauna sukari," akasema.

"Ndiyo, shangazi. Sikutia."

Akamaliza kilichobaki, akanyoosha kikombe.

"Ongeza," akasema.